Kikombe cha Papa Éliézer

Anayeteremka kutoka kituo cha treni kuelekea bandari ya Kalemie, kabla barabara haijapinda na kumfunulia ziwa lote kwa mara moja, hukuta upande wa kushoto ukuta wa zamani wenye kivuli kizuri cha alasiri, na chini ya ukuta huo benchi refu ambalo lilikuwa kiti cha behewa la daraja la pili. Mbele ya benchi Mama Denise huweka jiko lake la makaa na birika la kahawa yenye tangawizi. Tunaokaa hapo ni wanne. Yupo Papa Hippolyte, aliyekuwa mkuu wa kituo kidogo cha reli, nasi twamwita Gare, yaani kituo cha treni. Yupo Papa Josias, mwuza nyama aliyeshuka kutoka malisho ya Pepa, katika milima ya Marungu, nasi twamwita Marungu. Yupo Jovial, mwuza vocha za simu, ambaye ana simu kubwa kuliko zetu sote, kwa hiyo ni Rezo, yaani mtandao. Nami wananiita Padri Nusu, kwa kuwa niliisoma seminari karibu yote nikatoka kabla ya daraja takatifu. Kati ya Gare na Marungu pana nafasi ya mtu mmoja ambayo hatuikalii. Ilikuwa ya Papa Éliézer, mume wa Mama Denise, fundi wa injini za boti. Kila alipokwenda Moba kutengeneza injini, aliacha kahawa yake nusu na kusema, «Musiondoe kikombe, narudi.» Alisema hivyo hivyo siku walipomchukua kwenda hospitali. Hakurudi. Mama Denise hakuondoa kikombe. Kila alasiri hutumiminia wanne, kisha akamimina cha tano, akakiweka pale kwenye nafasi. Jioni akakimwaga ukutani kimepoa, akakisuuza. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba wafu hawanywi kahawa. Lakini ziko desturi ambazo mtu mwenye adabu huzipita akiwa amevua kofia.

Éliézer aliacha mtoto mmoja, Ketsia, msichana anayesoma uchumi katika chuo cha mjini kwetu. Sisi wanne anatuita baba zake, na si heshima ya mdomo tu, maana tangu msiba hakuna jambo lake ambalo halikupitia benchi hili. Juma la habari hii alikuwa amevuka ziwa pamoja na wanafunzi wenzake na mwalimu wao, wakaenda hadi Dar es Salaam kujifunza mambo ya fedha na kutembezwa katika chuo kikuu cha huko. Aliahidi kwamba siku ya matembezi hayo atatutumia sauti yake tangu asubuhi hadi jioni. Asubuhi mtandao wetu ulikufa. Alasiri ulifufuka, na sauti zikaanguka zote kwa pamoja katika simu ya Rezo, kwa kuwa simu ya Mama Denise ni ile ya vitufe. Nawaandika wanavyosema kwetu, ambako «njo» ni ndiyo.

Rezo: Munyamaze basi! Mutoto anataka kusema.

Gare: Weka sauti juu.

Rezo: Iko juu. Ni masikio yako njo iko chini.

Sauti ya Ketsia ikaja, na nyuma yake milio ya magari mengi.

«Jambo yenu, baba zangu. Mama, jambo. Leo walitupeleka mahali wanafundisha finansi. Mwalimu ni mama mumoja mufupi, sauti kama ya kapita anayeamuru wapakizi wa bandari. Alituuliza: mukipewa ngombe leo, ao ngombe sawa na hiyo mwaka ujao, mutachukua gani? Wote tukasema ya leo. Akasema: basi nusu ya finansi mumekwisha kuijua, nusu ingine ni kujua kwa nini.»

Marungu akapiga goti lake kwa kiganja.

Marungu: Mumesikia? Ngombe! Hiyo finansi sisi kule Pepa tunaifanya wakati hata biro ya kwanza haijajengwa.

Gare: Wewe finansi gani? Unauza maini na nzi wake.

Marungu: Ngombe ya leo, mwaka ujao iko na mutoto. Iko na maziwa, iko na mbolea. Ile ya mwaka ujao inafika peke yake na mukia wake. Njo sababu!

Rezo: Na kama ya leo inakufa?

Marungu: Inakufa namna gani na mimi niko?

Mama Denise alikuwa akipepea makaa. Hakuinua uso.

Mama Denise: Amesema kama alikula?

Rezo: Bado, Mama. Iko ingine.

«Kisha tukaenda kwenye soko. Wanaita soko la hisa. Baba zangu, hakuna meza, hakuna kikapu, hakuna mutu anaita wateja. Ni chumba kizuri chenye baridi, na vioo vinapitisha namba. Asubuhi wanapiga kengele, soko linafunguka. Ni kengele ya shaba, iko na kamba ya ngozi. Waliniacha niipige. Niliipiga mara moja tu, nikaona haya.»

Marungu: Soko bila vitu?

Rezo: Bila hata samaki ndogo za ndagala?

Mama Denise: Wanawake wanakaa wapi?

Gare hakuwasikia. Alikuwa amesimama.

Gare: Rudisha. Rudisha hapo pa kengele.

Rezo akarudisha.

Gare: Ya shaba. Kamba ya ngozi. Papa Josias, kengele ya kituo yetu ilikuwa ya nini?

Marungu: Ya shaba.

Gare: Na kamba?

Marungu: Ya ngozi. Mimi mwenyewe niliuza ile ngozi.

Gare: Basi. Sisemi kingine. Kengele ilipotea, tukatafuta mpaka ndani ya kisima. Leo mutoto wa Éliézer ameipiga Dar es Salaam.

Rezo: Papa Gare, kengele za shaba ni nyingi duniani.

Gare: Treni inajua kengele yake! Unafikiri kwa nini inachelewa? Iko njiani, inasikia kengele inalia upande wa bahari, inasimama kwanza, inajiuliza: naenda wapi?

Marungu: Mimi naona ingine. Vitu viko chini. Wamejenga soko juu, na chini yake kuna shimo. Namba zinapita kwenye kioo kuonyesha kilo ngapi ya vitu inapita huko chini.

Rezo: Na wateja?

Marungu: Wateja wanashuka usiku.

Nikaona ni haki niwasaidie, kwa kuwa nyakati za seminari tulifundishwa maana ya ushirika na ya mali ya pamoja. Nikawaambia kwamba hisa ni sehemu ya kazi kubwa ambayo mtu mmoja haiwezi. Watu wengi wanaweka mkono, kila mmoja anamiliki kipande, na kazi ikistawi wote wanastawi, ikianguka wote wanaumia. Anayenunua hisa hanunui kitu kilichopo mezani, ila imani yake juu ya safari ambayo mwisho wake hajauona.

Marungu: Kwa hiyo ni kama tunanunua ngombe mumoja, sisi wane?

Mimi: Ndiyo, karibu hivyo.

Marungu: Ingali inatembea?

Mimi: Ingali inatembea.

Marungu: Mimi niko na muguu wa nyuma, Gare iko na wa mbele. Nani anachunga?

Gare: Wewe. Njo kazi yako.

Marungu: Na nani anapata ulimi?

Tukacheka hata Mama Denise akaacha kupepea. Alitujazia vikombe, na kile cha tano akakijaza, akakiweka pale kwenye nafasi. Rezo akaigusa simu tena.

«Mchana walitutembeza katika universite. Iko juu ya kilima. Unatembea, unatembea, miguu inauma na bado iko mbele. Kuna miti mingi, na tumbili. Tumbili mumoja alichukua mukate wa Rachelle, mwenzetu wa darasa, akaenda kukaa nao juu ya gari ya mukubwa wa chuo, akala pole pole, mulinzi anamuangalia tu. Mama, mimi nilikula wali na samaki. Samaki ya bahari iko na chumvi yake mwenyewe. Kisha tukaingia nyumba ya vitabu. Padri Nusu, hapo nilikufikiria. Nilipunguza sauti bila kuambiwa, sawa na kwenye kanisa kabla misa haijaanza. Niligusa vitabu. Hakuna mutu aliniuliza nagusa nini.»

Mama Denise: Wali na samaki. Vizuri.

Nilikumbuka harufu ya maktaba ya ujana wangu, ngozi na vumbi na nta ya mishumaa, na nikamshukuru Mungu kwamba harufu ile imemfikia mtoto wa fundi wa injini.

Rezo: Imebaki moja.

Gare: Weka.

Hii ilianza kwa kimya. Halafu sauti yake ikaja chini sana, kama mtu aliyejificha nyuma ya nguzo.

«Baba zangu, musikie vizuri. Yule mama wa asubuhi aliniita peke yangu. Anasema iko nafasi moja katika masomo yake, mwanafunzi mumoja hakufika. Minerval, feza ya masomo, watalipa wenyewe, na chumba wamenionyesha, iko na dirisha. Ni miaka miwili. Lakini kozi imekwisha kuanza, kwa hiyo nisirudi na wenzangu, nibaki. Mwalimu wetu amekubali, anangojea neno la nyumbani. Jibu ni leo, mbele ya biro kufungwa saa kumi na moja. Mimi nataka, na naogopa. Nikimuuliza mama, najua atasema enda, hatasema neno lingine, halafu atalia nyuma ya jiko. Njo maana nauliza ninyi. Papa angekuwa kwenye benchi, angesema nini?»

Simu ikanyamaza. Mtoto hakufikiri, au labda alifikiri, kwamba mama yake amesimama hatua moja kutoka pale. Mama Denise aligeuza kaa moja kwa koleo, akaligeuza tena upande uleule.

Gare: Arudi.

Rezo: Papa Gare, subiri kwanza.

Gare: Nasubiri nini? Universite hapa haiko? Vitabu hapa havisomwi? Arudi, amalize, apate kazi ya biro, jioni tunamuona anapita.

Marungu: Na mimi nasema arudi.

Rezo: Wewe? Si wewe ulisema sasa hivi ngombe ya leo njo ya kuchukua? Nafasi hii ni ya leo. Ya mwaka ujao itafika peke yake na mukia wake.

Marungu: Mutoto si ngombe, Rezo. Usinichokoze.

Rezo: Mimi nauliza tu.

Marungu: Na bahari unaijua? Hewa ya bahari iko na chumvi. Ngombe wa mulimani ukimupeleka kwenye chumvi nyingi, anasahau njia ya zizi. Nimeona.

Gare: Na vijana wa kule! Miaka miwili! Watamuoa. Mukwe atakuja hapa na suruali nyeupe, tutamupa ugali, atauliza pweza iko wapi.

Rezo: Hiyo haiko mubaya kushinda ile ya saa.

Gare: Saa gani?

Rezo: Kule saa imetangulia. Sisi tukiwa na saa tisa, wao wako na saa kumi. Kila siku mutoto anaishi saa imoja mbele yetu. Hesabu miaka miwili. Atarudi mukubwa kuliko mama yake.

Hata katika huzuni Marungu alicheka kwa pua. Lakini Gare alikuwa amekishika kikombe chake bila kunywa.

Gare: Ameuliza Éliézer angesema nini. Tumujibu hilo. Éliézer angesema arudi. Mutu yule, hata akienda Moba kwa injini moja, alikuwa anarudi.

Marungu: Njo vile. Éliézer hakupenda mutu akae mbali.

Rezo: Éliézer aliuza baiskeli yake mutoto apate kuanza shule. Mulisahau? Alitembea kwa miguu mpaka bandarini tangu siku ile. Mutu kama huyo angesema arudi?

Gare: Aliuza asome hapa!

Rezo: Hakusema hapa.

Gare: Hakusema kule!

Wakanigeukia mimi. Nilijua mfano wa mzee mmoja wa zama za kale aliyemng'ang'ania kitinda mimba wake wakati wa njaa, asimwachie kwenda nchi ya ugeni, hata nyumba nzima ikakaribia kufa kwa kukosa nafaka. Nilikuwa nimeshaanza kuusimulia kwa mpangilio wake mzuri, tangu ukame wenyewe, ndipo Rezo akanishika mkono.

Rezo: Padri Nusu, nisamehe. Kule iko karibu saa kumi na nusu.

Gare: Nipe simu. Nitasema mimi, kwa jina la wote. Naminya wapi?

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaishika simu mbele ya uso wake kama alivyoshika zamani kipaza sauti cha kituo.

Gare: Ketsia, binti ya marehemu Éliézer, fundi aliyeheshimika toka Kalemie mpaka Moba. Sisi baba zako, tulioketi hapa leo mbele ya mama yako, baada ya kusikia, baada ya kupima, na baada ya kukumbuka…

Rezo: Papa.

Gare: Usinikate.

Rezo: Papa, kidole chako kiliteleza. Haikuchukua kitu.

Gare akaitazama simu kama mtu aliyesalitiwa. Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa mwanamume wa makamo, vumbi la safari hadi kwenye nyusi, amebeba mfuko wa unga begani na kuku wawili wamefungwa miguu. Alisema jina lake ni Prospère, mtu wa Kiambi. Amepanda treni Kabalo, ameshuka sasa hivi, na watu wa boti ya Moba wamemwambia angojee. Aliuliza bei ya kahawa, akalipa kabla ya kupewa, kisha akalitazama benchi. Macho yake yakatua kwenye nafasi iliyo kati ya Gare na Marungu.

Prospère: Munisamehe, wazee. Hapa kuna muntu?

Marungu: Iko.

Prospère: Ah. Pole.

Akarudi nyuma, akausogeza mfuko kwenye bega la pili. Kuku mmoja akapiga mabawa. Akakiona kikombe kilichojaa, kikiwa na utando juu yake.

Prospère: Kahawa yake imepoa. Anarudi saa ngapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyechoka, anayetaka kujua kama atapumzisha miguu dakika chache au la. Marungu aliangalia viatu vyake. Rezo aliichukua simu kwa Gare, akaigeuza uso chini juu ya goti. Nami, niliyejaliwa kusoma maandiko mengi ya kale juu ya marejeo na ufufuo, nikavua kofia.

Mama Denise alizunguka jiko. Akakichukua kikombe, akaenda ukutani, akamwaga. Jua lilikuwa bado halijashuka; hakuwahi kukimwaga mapema hivyo. Akasuuza, akainua birika, akalikamua hadi tone la mwisho, likatoka na masalia ya tangawizi. Akampa Prospère kikombe kwa mikono miwili.

Mama Denise: Kaa, papa. Kunywa ingali moto.

Prospère akatutazama sisi. Gare akasogea kulia. Marungu akasogea kushoto, ingawa hapakuwa na haja, nafasi ilitosha. Mgeni akaketi, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyebeba mzigo tangu Kabalo, akanywa.

Mama Denise: Rezo. Minya mahali pa kusema. Na wewe ushike vizuri, kidole kisiteleze.

Rezo akashika.

Mama Denise: Ketsia. Mama njo anasema. Nimesikia yote, nilikuwa hapa. Baki. Baba zako wamekubali.

Hatukuwa tumekubali. Lakini hakuna aliyemkatiza; Gare aliitikia kwa kichwa, kana kwamba mtoto anamwona.

Mama Denise: Umeuliza baba yako angesema nini. Mimi sijui, mwanangu. Nimengojea aniambie, hajaniambia. Basi nakuambia langu mimi. Usome. Na sitakuwekea nafasi hapa, usikie vizuri. Mutu akija amechoka, atakaa. Siku utarudi wewe, tutasogea, utaingia. Benchi ni ndefu. Sasa enda biro, usichelewe. Na kitabu ukikigusa, ukifungue.

Akafikiri kidogo, akakumbuka.

Mama Denise: Yule mama mufupi, umusalimie.

Rezo akaachia kidole. Tukaikodolea macho simu mpaka ilipotuonyesha kwamba neno limevuka.

Birika lilikuwa tupu na makaa yameanza kuvaa majivu. Saa kama ile Mama Denise hurudi nyuma ya jiko na kutupa mgongo, akikusanya vyombo vyake, nasi tukajifanya tunatazama ziwa. Safari hii alibaki mbele yetu, mikono imeangukia kwenye kitenge, macho yamejaa, hakuyaficha. Tangu aweke jiko mahali pale sikuwahi kumwona akikaa nasi.

Marungu: Musogee.

Tukasogea. Prospère, asiyejua lolote, alisogea kuliko sote, amekibana kikombe kifuani kwa mikono yote miwili kisimwagike, na Mama Denise akaketi.